Balbu Kwanza, Mashine Baadaye

Mwende wangu, habari ya huko?

Huku Kawangware tuko sawa. Mutua ameanza shule, mdogo wake anaota meno, kwa hivyo hatulali.

Umeuliza utailindaje mashine yako ya kudarizi na stima inayopotea na kurudi. Nilipokuwa nikishona Kibera, stima ikipotea nilikuwa nachomoa plagi ya mashine, naacha balbu tu. Ikirudi, nilikuwa namnyonyesha Mutua kwanza, nikiangalia kama balbu imetulia.

"Mama Mutua, unangoja balbu ikupe ruhusa?" wenzangu wa kushona walicheka.

Siku moja beji za shule zilitakiwa jioni. Stima ikapotea, kisha ikarudi na nguvu, balbu ikapasuka, mashine zao zikatoa moshi. Niliweka balbu nyingine. Ilipotulia, nikachomeka yangu, nikamaliza beji zote.

Jioni waliniuliza balbu nanunua wapi.

Chomoa, mami, hata ukiwa umechoka.

Shangazi yako,
Mama Mutua