Jina Lako Kwenye Karatasi za Mzigo

Guangzhou,
Jumapili mchana

Baba Anitha mpenzi,

Kamwene. Hamjambo hapo nyumbani? Mama anaendeleaje na vidole vyake? Uliniambia kwamba siku hizi hata vifungo vya sweta anafungiwa na Anitha, na tangu hapo kila nikinawa mikono namkumbuka. Viazi mmeshavuna, au baridi imeviunguza tena? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku ukianika nguo haikauki, ukiivaa inaloa. Lakini roho haijatulia. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo lazima niimalize, maana kuna mama wa Makambako anaondoka kesho na amekubali kuibeba. Kwenye simu nisingeweza. Pale kibandani watu wanasimama nyuma yako wakingoja zamu, na wengi wao wanajua Kiswahili.

Nianze na mtambo. Kile kipande cha gazeti ulichonikatia, kinachosema mitambo ya nguvu za jua imesamehewa ushuru, nimetembea nacho kwenye pochi mpaka kimechanika kwenye mikunjo. Nilizunguka siku nne. Kila duka wananionyesha taa na betri. Mwishowe nikampata Bibi Liang, mama wa makamo anayeuza mitambo ya kuchemshia maji, ile yenye tangi na mirija ya vioo, ambayo huku imejaa juu ya mapaa. Mkwewe anajua Kiingereza kidogo, ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Nikamwambia, "Mweleze kwetu kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu." Bibi Liang akacheka sana, akidhani namtania. Mwafrika na barafu wapi na wapi!

Alipoona sicheki, akachukua mrija mmoja, akaujaza maji, akauegemeza mlangoni juani, kisha akanipa kigoda na kikombe cha chai. Tukakaa. Baada ya muda akaniashiria nitie kidole. Nilikichomoa kwa kelele, mume wangu, mpaka wapita njia wakageuka. "Hao, hao," akasema, yaani nzuri, nzuri. Pale pale nikamwona mama akioga bila kukunja uso. Nikaununua. Hapo sikuwa na kosa.

Kosa langu lilianzia Xintang, siku nilipokwenda kuchukua jeans za duka letu kiwandani. Nilikuwa na Deo, wakala wa kusafirisha mizigo, mtu wa Dar aliyekaa huku miaka mingi. Alipoona risiti ya mtambo akanivuta pembeni.

"Dada Salome, una bahati na huijui. Kumbe una sola! Tunaandika kontena zima ni sola. Mirija tunaipanga mlangoni, jeans zinakaa nyuma. Mpokeaji awe mumeo. Jina la mwalimu, nani atahangaika nalo?"

Nilitakiwa niondoke palepale. Lakini nilikumbuka safari iliyopita, ushuru ulivyokula faida yote nikarudi nyumbani na mablanketi mawili na katoni ya sabuni, nawe ukanipa pole wala hukuniuliza kitu. Tena Deo akaongeza kwamba meli inaondoka wiki hiyo hiyo, kwa hiyo nitawahi kipaimara cha Anitha. Nikamwambia sawa.

Jioni ile ndipo nilipokupigia. Unakumbuka? Nilisema, "Mzigo nauandika kwa jina lako." Ukajibu, "Sawa, mama Anitha, hakuna shida." Ulidhani nazungumzia mtambo tu. Nilijua kwamba unadhani hivyo, nikaaga haraka nikaweka mkono wa simu chini. Hilo ndilo linalonichoma kuliko jingine lolote.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuzunguka. Wali naupeleka mdomoni unanishinda. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikitoka sijui nakwenda wapi. Niliingia duka la viatu kutafuta vya kipaimara, nikatoka bila kununua, kwa sababu muuzaji aliponiuliza namba ya mguu wa mwanangu iliniruka kabisa. Wenzangu hotelini wakaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Siku ya tatu Deo akaniletea nakala ya karatasi. Jina lako limeandikwa vizuri, yote matatu, halikukosewa hata herufi moja. Chini yake wameandika mitambo ya nguvu za jua, kontena zima. Nikakuona umesimama bandarini Dar na lile koti lako la kijivu, umeshika hati, unamweleza ofisa wa forodha habari za msamaha wa ushuru kama unavyowaeleza wanafunzi. Ungembishia, nakujua. Ungembishia kwa sababu ungekuwa unaamini. Halafu wangetoa mirija, na nyuma ya mirija wangekuta jeans.

Asubuhi nikapanda basi kwenda Nansha, bandarini, ambako kontena lilikuwa likingoja meli. Ni mwendo mrefu na sikuwa na wa kunitafsiria. Karani wa ofisi ya mizigo alinitazama tu akasema, "Bu xing, bu xing." Haiwezekani. Sikuondoka. Nikachukua kalamu, nikaandika jina lako kwenye karatasi, nikalikata kwa mstari. Nikaandika tena, nikakata tena. Mara ya tatu akanyanyua simu akamwita Deo.

Deo alifika jasho linamtiririka.

"Dada, unanivunjia heshima mbele ya Wachina! Mzigo umeshafungwa!"

"Ufunguliwe."

"Kila mtu anafanya hivi. Kila mtu! Unafikiri wale wenye maghorofa Kariakoo walianzaje?"

"Basi andika jina lako wewe."

Akajipangusa jasho kwa kiganja.

"Kama halina neno, Deo, mpokeaji uwe wewe. Andika sasa hivi, kalamu hii hapa."

Alikitazama kile kikalamu kama nimemwonyesha nyoka. Kisha akaanza kuzungumza na karani kwa Kichina, polepole, bila kunitazama tena.

Kontena limefunguliwa. Nilisimama pale mchana kutwa mpaka kila robota likatolewa nje. Sasa karatasi ni mbili: mtambo kwa jina lako, nao utapata msamaha wake kwa haki, jeans kwa jina langu, na ushuru wake tutalipa. Bati la duka letu litaendelea kuvuja mwaka mwingine. Ukitaka kunilaumu kwa hilo, nilaumu.

Meli iliondoka bila mzigo wetu. Ya pili itakuja baada ya wiki mbili au zaidi, na sithubutu kumwachia Deo mzigo huu niondoke. Kwa hiyo kipaimara kitanipita. Viatu nilirudi nikavinunua, vyeupe, vina kamba moja. Mama wa Makambako anakuja navyo. Vikimpwaya weka pamba mbele. Mwombe dada yako amsuke Ijumaa, si Jumamosi, maana Jumamosi atakuwa na watu wengi. Na ukimweleza Anitha kwa nini sipo kanisani, usimwambie meli ilichelewa. Meli haikuchelewa. Mwambie mama yake aliandika uongo, amebaki kuufuta. Najua ni maneno mazito kwa mtoto. Lakini atakuwa ametoka kujibu maswali ya mchungaji mbele ya usharika mzima, na mimi naona anayaweza.

Mfikishie mama heshima zangu, umwambie maji ya moto yanakuja, ila avumilie baridi kidogo. Msalimie dada yako wa mtaa wa Ramadhani pamoja na shemeji. Msalimie na jirani yetu mshona nguo, nyuzi zake nimezipata.

Wewe sikutumii salamu, nakutumia haya niliyoandika. Siku tatu jina lako lilibeba kitu ambacho hukukijua, na aliyelibebesha ni mimi. Ukishasoma usinipigie siku hiyo hiyo. Ngoja hasira ipoe. Lakini nipigie. Hapa hotelini wanajua kuniita, na nimewaambia simu ya Njombe ikilia waniamshe hata kama nimelala.

Ni mimi mkeo,
Salome