Maji ya Kwanza ya Mkundekunde

Dodoma, 9 Machi 2024

Mama, shikamoo. U mzima? Mguu unaendeleaje? Mimi mzima wa mwili tu. Kupiga simu nimeshindwa, ndiyo maana naandika.

Siku ile tulipokuja soko la Kibirizi kuulizia mizizi ya mkundekunde, ile dawa ya kuhara, Dokta Leonardi anayeongoza utafiti wetu hakujua kwamba wewe ndiye mama yangu. Chuoni nilishasema mama yangu ni mwalimu. Nilipokuona na mafurushi yako ya dawa kando ya wauza dagaa, sikukuamkia. Ukanitazama, ukaniita "dada mgeni". Nikaitika.

Nisamehe, mama.

Mwanao, Winfrida

Buzebazeba, 30 Machi

Marahaba, mwanangu. Mguu unauma mvua ikinyesha, basi.

Niliona uso wako, nikakuonea huruma, nikajifanya sikujui. Hayo tuyaache. Lakini Kiswahili kiliponishinda nikaeleza kwa Kiha namna ya kuchemsha. Dokta akakuuliza, "Amesemaje?" Ukasema Kiha hukijui. Je, baadaye ulimwambia kwamba maji ya kwanza yanamwagwa? Yale ni makali. Nijibu upesi.

Mama yako

Dodoma, 2 Juni

Mama, shikamoo. Natumaini hamjambo huko. Aibu ndiyo imenichelewesha.

Sikumwambia. Tulichemsha mara moja tu bila kumwaga maji ya kwanza, tukawanywesha panya wa maabara maji yale yale. Wakafa karibu wote. Dokta akatuma onyo Kibirizi kwamba dawa yako ni sumu, nami nikakaa kimya wiki tatu. Mwezi uliopita nikasimama mbele ya wenzangu nikasema, "Yule ni mama yangu. Na Kiha nakijua." Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Tumerudia kama ulivyoeleza. Maji ya pili hayakuua panya hata mmoja, na bado yalizuia vijidudu vya kuhara visiongezeke kwenye visahani vya maabara. Dokta anasema vitu vikali vya mzizi vinatangulia kutoka. Kuwa dawa ya hospitali, bado sana. Anakuja mwenyewe kufuta onyo. Mimi nimeondolewa kwenye utafiti, na ni haki.

Nije?

Mwanao, Winfrida

Buzebazeba, 28 Juni

Marahaba, mwanangu. Tuko wazima.

Onyo lilitangulia barua yako. Mwanvua, ambaye wanawe wote wamekunywa dawa yangu, alipita upande wa pili bila kunisalimu. Nilikunja mkeka nikarudi nyumbani. Sasa Dokta amefika, ameniomba radhi mbele ya soko zima. Wateja wachache wamerudi. Wengine sidhani.

Akaniuliza jina la kuandika kwenye utafiti. Nikamwambia, Veneranda. Akauliza, "Na Winfrida ni mwanao?"

Nilikawia kumjibu. Si kwa hasira. Niliona aibu: siku ile nilipokuita dada nilidhani nakusitiri, kumbe nakusaidia kunikana.

Nikasema, "Ni wangu."

Njoo. Usipitie nyumbani kwanza. Njoo sokoni mchana, watu wakiwa wamejaa, uniamkie.

Mama yako