Fataki za Shangazi Ng'ambo ya Mpaka

Baba yangu mpendwa,

Mvua ya Oktoba hii ungeitukana. Ilianza mchana wa sikukuu ya Uhuru, ikalowesha viti vyote uani, na Mama akaamua kuingiza chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, sebuleni, juu ya zulia lile ulilotukataza kulikanyaga na viatu. Tukakizunguka, kila mtu na mrija wake mrefu mkononi. Mrija wako Mama aliutia chunguni kama kawaida, akauelekeza kwenye kiti chako. Ilikuwa sikukuu yetu ya kwanza bila wewe.

Tulikuwa tunangoja fataki. Majirani hawajawahi kutuelewa, watu wa Busia ya Uganda tusiowasha hata moja siku ya Uhuru wetu wenyewe. Wewe uliwajibu kila mwaka: "Mtu najiwashia fataki yeye mwenyewe? Hiyo ni kama kujiimbia siku ya kuzaliwa." Uhuru wetu unawashiwa na dada yako, Shangazi Nabwire, aliyeolewa upande wa Kenya, karibu sana hata mikaratusi ya kwake tunaiona tukiwa uani. Jamhuri yao ikifika Desemba, uliwasha wewe. Ni yeye aliyeanza, mwaka ule alioolewa, alipokuwa mpweke na akataka ujue kwamba hajakusahau. Kuulizana kwa simu ni mwiko. Unatazama juu ya mikaratusi, unangoja.

Nilipokuwa nangoja nilikumbuka Desemba ile ya jikoni, nikacheka peke yangu. Ulikuwa umeficha fataki darini, paa likavuja, ukazikuta zina unyevu. Mama, mzaliwa wa kijiji cha Nabuyoga, alikuwa anakaanga unga wa ulezi wa malwa juu ya bati, na alipotoka kuchota maji wewe ukazipanga fataki zako kando ya bati hilo zikauke. Kisha ukatoka kumsalimia jirani, na salamu zako tunazijua.

Zililipuka zote mchana kweupe. Kuku aliyekuwa anaatamia pale jikoni alikimbilia shambani, akarudi kesho yake. Ulisimama mlangoni, nyusi zimejaa unga, ukijifanya umefika sasa hivi tu. Mama aliweka ndoo chini.

"Sasa Kenya napata uhuru kwa jiko yangu?"

Kabla hujajibu, simu ikaita. Shangazi alikuwa amesikia milio.

"Ndugu yangu, Jamhuri bado siku mbili. Huko mmeanza mapema ama?"

"Tunafanya mazoezi," ukasema, na Mama akaanza kucheka hata akakaa chini.

Tangu tukuzike, Baba, Shangazi alikuwa hajavuka kuja kwetu. Alimwambia Mama kwamba hawezi kuingia lango letu na wewe hupo kumpokea. Wanawe nao walisema zile fataki zilikuwa mambo ya ndugu wawili, na mmoja hayupo. Ndiyo maana niliogopa. Asipowasha, niliwaza, basi tutakuwa watu wa nchi mbili tu, tunaosalimiana sokoni. Saa moja, saa yake ya kuwasha kila mwaka, ikafika, ikapita. Mama akanyanyuka kufunga pazia.

"Mama, ngoja kidogo," nikamwambia.

Ikapanda moja. Nyekundu, imepinda kidogo kwa sababu ya upepo, ikapasuka juu kabisa ya mikaratusi. Tulitoka wote mvuani bila viatu. Ikafuata ya kijani, kisha nyingine na nyingine, na Mama akapiga vigelegele ambavyo sijavisikia tangu uondoke. Nililia, Baba, lakini kwa furaha, na mvua ilinisitiri.

Simu ikaita tukiwa bado uani. "Mvua ilinizimia kiberiti chote," Shangazi akasema. "Nimewasha chini ya mwavuli kama mwizi." "Sasa Desemba nani atanijibu?"

Mama alinitazama. Wote walinitazama.

"Mimi, Shangazi," nikasema.

"Lakini si kwa jiko yangu," Mama akadakia.

Shangazi alicheka, kile kicheko chenu cha kupaliwa. Jumapili iliyofuata alivuka, akaingia langoni na mkongojo wake, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti chako. Akalalamika kwamba mto umekuwa mgumu.

Fataki nimeshanunua, nimezifunga kwa nailoni mara mbili. Pumzika, Baba. Jioni ya Jamhuri ukisikia mlio, ujue ndugu yako amejibiwa. Na ukiusikia mchana kweupe, siku mbili kabla, ujue tu kwamba mimi ni mwanao kweli.

Ni mimi,
Binti yako wa pili