Bibi yangu si mke wangu

Kalemie, Jumatano

Sijawahi kuchekwa hivi nikiwa naomba ruhusa.

Asubuhi, nilipomaliza kuwaogesha watoto, nilimwambia baba yao, Papa Aline, kwamba nataka kuvuka ziwa kurudi nyumbani Kigoma. "Bibi yangu anaumwa sana," nikasema.

Akaweka kikombe chini. "Una bibi? Na weye mwanamuke?" Akamwita mkewe. "Mama Aline, kuya usikie! Zawadi ameoa!"

Wakacheka wote wawili. Nami nikarudia neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi, kama mjinga: "Bibi yangu!" Kumbe huko Lubumbashi walikotoka, bibi ni mke. Miezi saba nawalelea watoto wao na sikulijua hilo.

Bibi ndiye aliyenilea mimi. Jana dada alipiga simu akasema Bibi hali chakula tena. Kama nisipomkuta...

Mchana Aline, mwenye miaka sita, alinikuta nikilia kwenye kamba ya nguo. Akauliza bibi ni nani. Nikamwambia ni mama wa mama yangu.

"Aa, nkambo!" Akakimbilia jikoni. "Mama! Nkambo yake njo eko mugonjwa!"

Mama Aline akatoka, mikono imejaa unga. "Pole, mutoto yangu. Enda na boti ya Ijumaa." Akanifungia sukari nimpelekee. Halafu akasema, "Lakini sababu gani haukusema?"

Nilisema mara mbili. Ila nilichomjibu ni, "Unisamehe, Mama."

Ruhusa nimepata, sukari iko mkobani, na bado nina hasira kwamba aliyeomba msamaha ni mimi.