Mguu wa Mama Breki

Bwenini, 4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na wale wanafunzi wako wanaokanyaga klachi kama wanaua mende? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na masomo yananiendea vizuri. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipatikani. Mchana uko barabarani na mwanafunzi kashika usukani, jioni umeizima upumzike. Na jambo lenyewe si la kusemwa haraka haraka.

Mama, nataka kununua gari. Usishike kichwa bado. Mafunzo ya kazini yanaanza Juni, na sisi wa upimaji ardhi tunapelekwa huko ambako basi linafika likijisikia. Fedha za kazi za likizo ninazo, zile nilizojinyima hata soda. Gari jipya haziligusi, ila lililotumika zinalipata, na nimeshaliona. Jekundu! Milango minne, limelala chini, viti vinakukumbatia, na likinguruma tumbo lote linacheka. Nyuma lina bawa kama magari ya mashindano.

Najua utasema ninunue kitu cha kistaarabu. Hicho nitanunua nikizeeka. Umenifundisha udereva tangu miguu yangu ilipoanza kufika kwenye pedali, na sijawahi kugusa hata ukuta. Mimi ni dereva mzuri na wewe unajua. Basi nataka gari linalolingana nami.

Nipe baraka, au nipe maneno. Nitapokea chochote.

Binti yako, kitindamimba


Nyumbani, 13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, unalia tu ukikutana na matuta. Dada yako mkubwa na watoto wake wanakusalimu sana.

Barua yako nimeisomea ndani ya gari la shule yangu ya udereva, nikimsubiri yule mama wa duka la vitambaa ambaye amefeli mtihani tena na anasema kosa ni la viatu. Nilicheka mpaka akaniuliza kama namcheka yeye.

Bawa! Unataka kuruka? Mpima ardhi mzima, na darubini yako na stendi yake, kwenye gari linalokwaruza tumbo kwa kila jiwe! Haya. Sikukatazi. Nimekuzaa mimi, nakujua, ukikatazwa ndiyo unapata nguvu.

Ila nisikilize. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa, uiguse kwa mkono. Wapo wanaoipasha moto kabla mteja hajafika ili isikohoe mbele yake. Lala chini uone tumbo. Tafuta fundi asiyejuana na muuzaji. Kisha uliendeshe mwenyewe, na breki uikanyage kuliko mafuta. Magari yanayokwenda nimeyaona mengi. Nionyeshe linalosimama.

Na ukumbuke, fedha hizo ni za mara moja. Mimi sina za kukuongezea. Ukiuziwa mbuzi kwenye gunia, Juni itakukuta huna usafiri, mafunzo yatakupita na mwaka wako umekwenda na maji. Hilo tu ndilo linaloninyima usingizi.

Mama yako (wanafunzi wananiita Mama Breki, wanadhani sijui)


Bwenini, 2 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nasema hivyo kwanza ili moyo wako utulie.

Nimekwenda kwenye yadi ya magari. Dalali ni mtu wa maneno matamu, anavaa miwani ya jua hata ofisini. Injini niliigusa, ilikuwa baridi. Nililala chini mpaka blauzi ikawa tambara. Akanipa ufunguo, akakaa pembeni yangu, tukatoka. Mama, gari linakwenda lile! Tukafika kona ya ghala la mbao. Nikaachia mafuta, nikageuza usukani, nikasubiri gari lipunguze mwendo. Halikupunguza. Nikasubiri tena. Dalali akapiga yowe, “Breki, dada, breki!” Ndipo mguu wangu ukakumbuka kazi yake. Tulisimama bampa likinusa ukuta. Dalali alishuka, akakaa juu ya mbao, akavua miwani na kuomba maji.

Nilisema breki ni mbovu. Fundi niliyemtafuta mwenyewe akafungua magurudumu yote, akaniambia breki ni nzima, mguu wangu ndio haukukanyaga.

Nikarudi chumbani nikazikumbuka kona zote nilizowahi kukata. Zote, Mama, nilizikata kwenye gari la shule, lenye breki ya pili hapo miguuni pako. Naachia mafuta, gari linapunguza, nami najisifu. Siku ya mtihani tulizunguka polepole hata kona hazikustahili kuitwa kona. Sasa niambie, nani alikuwa anapunguza?

Ni wewe, siyo? Miaka yote hiyo! Nimekasirika, na nimejiona mjinga. Njoo tuchague gari pamoja, la sivyo sinunui kabisa.

Binti yako asiyejua kuendesha


Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole, mama. Namshukuru Mungu mko salama, wewe na ukuta na yule mtu wa watu mwenye miwani. Barua nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Ndiyo, ni mimi. Mguu wangu una akili zake, hauniombi ruhusa. Hata nikitazama televisheni, gari likikata kona nakanyaga zulia, na wajukuu wanavunjika mbavu. Kwako ulikuwa mwepesi kuliko kwa mtu yeyote, maana wale ni wanafunzi na wewe ni mwanangu. Wala siombi radhi. Ningekanyaga tena.

Lakini kuja, siji ng’o. Nikija, mguu nao unakuja.

Unajua desturi ya shule yangu. Siku ya mwisho ya masomo nashuka, nafunga mlango, nakaa kwenye benchi na kuupa uwanja mgongo. Mwanafunzi anazunguka peke yake. Anaweza kuzima gari, anaweza kulia, mimi sigeuki. Hata mama wa vitambaa amezunguka. Wewe tu ndiye hukuzunguka, kila siku nilisema kesho.

Basi leo nimeshuka. Sitakuandikia, sitakuuliza, na ukiniuliza sitajibu mpaka uwe na gari lako. Jekundu au la bawa au la mkia, ni juu yako. Sijaacha kukupenda, nimekupa mgongo tu kama ninavyowapa wenzako.

Mama yako, niko kwenye benchi


Bwenini, 24 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Geuka sasa. Nimenunua!

Mwanzoni nililia, nisikufiche. Kisha nikamwendea yule fundi. Nikawa namwoshea vyuma kila Jumamosi, naye ananiachia gari lake kuukuu nizunguke nyuma ya gereji. Breki zake ngumu kama moyo wa mwenye nyumba wetu. Mguu wangu wa kulia sasa una msuli.

Nikarudi kwa jekundu. Dalali aliponiona alifunga mkanda hata kabla ya mimi kuingia. Kona ya ghala niliikata vizuri, nikakanyaga mwenyewe, na ndipo nikasikia kitu: likifunga breki linavuta kushoto. Mara ya kwanza nisingekisikia, nilikuwa nasubiri mguu wako. Fundi, ambaye mara ya kwanza alitazama breki tu, akalipima bodi nzima, kumbe lilishagongwa likanyooshwa, na hilo bawa limebandikwa baadaye kupumbaza watu kama mimi. Nikarudisha ufunguo. Iliniuma, lile gari nililipenda.

Langu nimelipata kwa nesi mmoja anayetaka gari kubwa kwa sababu amejifungua mapacha. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, bawa halina. Lakini usidanganyike, limelala chini vilevile na likiamka linanguruma. Nililifunga breki mpaka nesi akaniuliza kama nina ugomvi na pedali. Linasimama, Mama. Linasimama palepale ninapotaka.

Jumamosi nakuja kukuchukua twende kwa dada, kwa ile njia ya milimani. Utakaa pembeni yangu. Breki upande wako hakuna.

Binti yako, dereva


Nyumbani, 3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini umefika salama kwenye mafunzo, na darubini haijakwaruza viti. Mama wa vitambaa amefaulu! Ameniletea kitambaa, na amevaa viatu vilevile.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi nilishindwa kusema, watoto walikuwa wengi. Kona ya kwanza nilikanyaga zulia, uliniona ukaendelea kuendesha. Ya pili nikakanyaga tena, gari lilikuwa limeshapunguza. Kufika ya tatu mguu ukaona haya ukatulia. Baada ya hapo sikumbuki kitu, mpaka nilipofumbua macho tuko uani kwa dada yako, injini imezimwa, wajukuu wananichungulia dirishani, na wewe umekaa unaningoja.

Maisha yangu yote nimekaa kiti hicho nikiwa kazini. Sikuwahi kulala kwenye gari linalokwenda, mwanangu, hata siku moja. Nimefurahi mno, na nimelia kidogo nikiandika haya.

Siku nyingine ukiona nimelala, usizime injini. Zunguka tena.

Mama yako, abiria wako