Chupa Tano Chini ya Dagaa

Nchelenge, Alhamisi, mwezi wa kumi, 1956

Joto tangu asubuhi, na ziwa limetulia kabisa. Ninaandika kwa Kiswahili nilichojifunza Elisabethville, huko Kongo, maana hapa nyumbani wanaojua kusoma wanasoma Kibemba, na sitaki mtu ayaone haya kabla sijajua mwisho wake.

Naogopa. Afadhali niliseme hilo kwanza.

Jumamosi ni karamu ya kuniingiza kwa wakwe. Nimemwoa Chola miaka mitatu sasa, tuna binti wa miaka miwili, Mwila, na sijawahi kusema neno hata moja na mama mkwe wangu. Ndiyo desturi yetu. Nikikutana naye njiani mimi naingia majanini, yeye anafunika uso kwa kitambaa, na habari zetu tunazipitisha kwa mtu mwingine. Karamu ikishafanyika ndipo mdomo unapofunguliwa. Basi nilitaka siku hiyo niingie na kitu ambacho hakuna mkwe mwingine wa ufuko huu aliyewahi kuleta: bia ya nyumbani, iliyochujwa ikang'aa, inayotoa povu kama ya dukani.

Elisabethville nilikuwa muosha chupa katika kiwanda cha bia, miaka mitano. Chupa nazijua. Hilo ndilo linaloniumiza.

Nilikuwa na chupa saba nzuri, za limonadi, nene, zenye kizibo cha kaure kinachobanwa na waya. Hizo ziko salama chini ya kitanda. Lakini saba zilionekana chache machoni pangu. Nikaenda kuomba nyingine kwa mwenye duka, akanipa tano za mraba, za ile pombe kali iitwayo jini. Kila muosha chupa anajua kwamba chupa ya mraba haiwekwi bia yenye gesi; pembe zake ni dhaifu, na gesi inatafuta udhaifu. Nilijua, nikazijaza. Nilitaka zifike kumi na mbili, watu wahesabu.

Mashine ya kubana vifuniko vya bati sina. Nikachonga vizibo kutoka mti mwepesi tunaotumia kwa maboya ya nyavu, nikavipigilia, kisha nikavifunga kwa uzi wa nyavu na lile fundo alilonifundisha baba, fundo la kushikilia mawe ya wavu, ambalo halilegei hata likikaa majini mwaka mzima. Nilijisifu sana kwa mafundo yale. Kumbe kizibo kibovu kingeruka tu, bia ikamwagika, tukacheka. Mimi nilikifunga kisiruke. Gesi ikabaki na njia moja, kupasua chupa.

Jumatatu nilizifukia zile tano mchangani, mwisho wa ufuko ambako hakuna anayeanika samaki. Nilitaka zipate joto la kuivisha gesi, na shemeji zangu wenye kiu wasizione.

Jana mawimbi yalilowesha mahali pa mama mkwe. Akahamisha dagaa wake, chisense, akawatandaza juu ya mchanga mkavu. Juu ya chupa zangu.

Nilimwona akiwatandaza.

Nilinyamaza. Chola yuko Mwansabombwe tangu Jumanne, ameenda kuwaita shangazi zake, na sikuwa na mtu wa kunisemea. Nilijiambia kesho nitatafuta mtu. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumtuma mtu akaseme, mkweo amezika bia chini ya samaki wako.

Leo mchana, nikiwa nashona wavu, nilisikia kishindo kifupi chini ya ardhi. Dagaa waliruka. Nilipofika niliona shimo dogo, povu, na vigae vya chupa vimechanganyika na samaki, vyeupe kama wao. Nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. Nne bado zilikuwa chini. Na samaki hawa huliwa wazima, na vichwa vyao.

Wakati huohuo nilimwona Ilunga, mnunuzi kutoka ng'ambo ya Kongo, anavuta mtumbwi wake ufukoni, na mama mkwe anashuka na kikapu, miguu mitupu, anakuja moja kwa moja. Nilitaka kumkimbilia Ilunga anisemee. Nisingewahi. Mama alikuwa amebakiza hatua nne au tano.

"Mama, simama. Usikanyage. Kuko chupa mu mchanga."

Nilisema kwa Kiswahili cha biashara. Nadhani ni kwa sababu kwa Kibemba mdomo wangu haukuwa na ruhusa. Neno langu la kwanza kwa mama mkwe, na lilikuwa amri.

Alisimama. Alifunika uso, akamgeukia Ilunga, akamwambia aniulize nilizika ngapi. Nikamjibu Ilunga kwamba ni tano. Ilunga akarudia "tano" ingawa sote tulikuwa tumesikia.

Nilijifunika kwa gunia na kuchimba kwa kasia, polepole. Nilitoa tatu nzima, nikakata nyuzi moja moja. Vizibo viliruka juu kuliko paa la nyumba. Ya nne niliipata vipande vipande.

Mchanga wake ulikuwa mkavu. Hapakuwa na povu, hata harufu ya bia haikuwepo. Pale ilipopasuka ya mchana palikuwa bado pamelowa, na hapa palikuwa pakavu kabisa. Ilipasuka zamani, na mimi sikusikia.

Mama alikuja akasimama karibu yangu, akaangalia vigae vile. Kisha akashusha kitambaa. Sikujua kwamba Chola ana macho ya mama yake.

"Ile ya mbili ilipasuka siku gani?" aliniuliza mimi, si Ilunga.

Nilisema sijui.

"Mutoto alikula ile samaki asubui."

Asubuhi mama aliokota konzi mbili za dagaa kutoka pale pale, akawapika kwa nyanya na kumlisha Mwila. Anasema aliwaosha mara mbili. Alilirudia hilo la kuosha njia nzima tulipokuwa tunakimbia nyumbani kwake, alikomwacha mtoto.

Dagaa wote wa siku mbili tumewafukia shimoni. Ilunga ameondoka na mtumbwi mtupu wala hakunung'unika. Zile chupa saba nzuri nimezifungua na kuzimwaga, ingawa hazikuwa na kosa.

Sasa jua linashuka, nami ninaandikia mlangoni kwa mama mkwe, mahali ambapo sikutakiwa kukaa kabla ya Jumamosi. Mwila anacheza na maboya. Kila akikohoa, mimi na bibi yake tunainuka pamoja. Nimemkagua mdomo na ulimi, sikuona damu. Ameomba maji, akanywa, akacheka. Tumbo lake siwezi kuliona ndani.

Kesho Chola anarudi. Nitamwambia mimi mwenyewe, kabla mama yake hajasema. Nimeapa hilo.

Mama hajafunika uso tena. Amekaa upande wa pili wa mtoto. Ruhusa ninayo sasa, na neno la kumwambia sina.

Mwila amesimama hivi punde. Amekwenda kwenye chungu, amefunua, ameangalia ndani, na amenyoosha mkono kwa bibi yake. Anaomba samaki.