Jina la Mwanamke Kwenye Hariri

Jumatatu, 3 Machi
Treni ya kutoka Campbelltown imechelewa tena. Nimefika kwenye nyumba ya wazee ya Cabramatta, hapa Sydney, nakimbia. Wazee wanne wa kuogesha, shuka, chai. Madamu Lien huwa namweka wa mwisho, hapendi haraka. Ana miaka themanini na minane, mzaliwa wa Hanoi. Mimi wa Bukavu. Tunaongea Kifaransa, humu hakuna mwingine anayekijua.

Nilishusha picha yake ukutani nifute vumbi. Ndogo, imechorwa kwenye hariri: mwanamke anaosha nywele. Karatasi ya nyuma ikabanduka. Chini yake wino wa zamani, Kifaransa: “Kwa Lien, binti yangu niliyemnyima jina langu. Huyu ni mama yako.” Sahihi ni ile ile ya mbele.

Madamu aliniona nikisoma. Akaniambia niibandike tena na ninyamaze.

Jumanne, 4 Machi
Kanieleza bila kuulizwa. Baba yake alikuwa mchoraji Mfaransa. Alishinda zawadi ya kusafiri Asia mwaka mmoja, akakaa ishirini. Mafundi wa kule walimfundisha kuchora kwenye hariri. Naye akafundisha shule, akanywa pombe. Vita ilipochacha akapanda meli peke yake. Alifia Marseille kwenye chumba cha kupanga. Picha zake ziliuzwa kwa thamani ya fremu tu.

Mama yake Madamu, Nguyet, alibaki na mtoto mwenye pua ya kizungu na matusi ya mtaa mzima. Miaka yote Madamu amemwambia mwanawe, Minh, kwamba picha ilinunuliwa sokoni.

Alhamisi, 6 Machi
Minh amekuja na mama mmoja wa kampuni ya mnada. Glavu nyeupe, sauti ya chini. Kumbe yule mchoraji aliyekufa maskini sasa anagombaniwa: Hong Kong, Paris, hata Hanoi kwenyewe. Ila za kughushi ni nyingi. Pasipo ushahidi, hii itauzwa kama kazi ya mwigaji, kwa bei ya meza kuukuu. Aliomba kufungua nyuma. Madamu akakataa, akageukia dirisha.

Kwenye korido Minh aliniuliza kama mama yake amewahi kunionyesha karatasi yoyote. Nikasema hapana.

Nimedanganya. Na Minh si mtu mbaya. Kwa pesa za picha anataka kujenga kwake bafu la chini na njia ya kiti cha magurudumu, amtoe mama yake kwenye chumba cha watu wawili, akae naye nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Nina hasira. Na Madamu, na mimi mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu pia kina nafasi tupu mahali pa baba. Bado hajaniuliza.

Jumapili, 9 Machi
Nimekosa ibada kwa sababu ya shifti. Nilimwambia Madamu kwamba nimemdanganyia mwanawe mara moja, ya pili siwezi.

Alikoroga uji mpaka ukapoa. Halafu akasema: “Watu wa mnada wataandika hawara. Mama yangu atasimama mbele ya matajiri, na wataandika hawara.”

Nilimpashia uji.

Jumatano, 12 Machi
Madamu amemwita Minh. Wameongea Kivietnamu, mimi nakunja nguo, sielewi neno. Niliona tu mtu mzima wa miaka sitini akikaa sakafuni.

Akaniuliza kwa Kiingereza kama nilijua. Nikakubali. Aliondoka bila kuniaga. Nimestahili.

Jumatatu, 17 Machi
Mama wa mnada amerudi. Karatasi ikafunguliwa. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Alisema sasa bei haitakuwa na uhusiano wowote na ile ya kwanza. Akaonyesha jina la picha aliloandaa kwa ajili ya kitabu cha mnada: “Mwanamke wa Kiasia Akiosha Nywele.”

Madamu akaniomba nitafsiri. Picha haiuzwi mpaka waandike jina la mama yake, lote, na kwamba alikuwa mke wa mchoraji, hata kama hakuandikishwa popote.

Yule mama akasema wanunuzi hupenda majina waliyoyazoea.

Minh akainuka, akachukua dirishani nyundo niliyopigilia msumari wa picha. “Basi naitundika tena,” akasema.

Yule mama akakubali: wataandika.

Minh alipotoka alinipa mkono.

Alhamisi, 8 Mei
Mnada ulikuwa jana. Minh amekuja asubuhi, macho mekundu, shati la jana. Imenunuliwa na mtu wa Hanoi. Fundi wa bafu anaanza wiki ijayo.

Madamu hakuuliza bei. Aliuliza kama jina la mama yake lilisomwa kwa sauti, mbele ya watu wote.

Minh akasema ndiyo, lilisomwa. Ila msomaji alilitamka vibaya.

“Hata baba alilitamka vibaya,” Madamu akasema, akaomba chai.